Kwanini kwa Wazaramo mjomba ndio anataja mahari wakati baba mzazi yupo hai na amekaa pale pale?

#1 Mmachame wa Kimara

Habari zenu wakuu.

Jumamosi tumepeleka barua ya posa ya mdogo wangu Mbagala. Sisi watu wa Machame, binti ni Mzaramo, kwao asili ni Kisarawe. Tumefika saa nne asubuhi, tumepokelewa vizuri, soda zimekuja, mshenga wetu kaongea maneno yake mpaka wamama wakapiga vigelegele. Baba mzazi wa binti amekaa mbele yetu mzima wa afya, fundi seremala anajulikana mtaa mzima. Tukafika kwenye kutaja mahari, mzee akanyamaza, halafu akasema "hilo mimi siwezi kulisema, mjomba wake hajafika."

Mjomba anatoka Maneromango, pikipiki imemharibikia njiani. Tumesubiri mpaka saa tisa. Hakufika. Tumerudi na mambo yameishia hewani na mama yangu njia nzima alikuwa kimya, kaona kama tumedharauliwa.

Kwetu baba akiwepo ndio msemaji, asipokuwepo ni baba mkubwa au baba mdogo. Mjomba ni mtu wa kutaniana naye, unaenda kwake unakula, ila hashiki usukani. Naomba mnieleweshe, hii ni mila kweli au tumezungushwa? Nauliza kwa nia njema, huyu binti tunampenda.

#2 Ngosha wa Tandale

Mtani wangu Mzaramo amekuweka masaa matano na soda moja, hapo mimi kama mtani wake nakuomba radhi kwa niaba yake. Mkirudi nendeni na mimi, nitamtoa huyo mjomba hata kama kajificha kwenye mkorosho.

#3 Mama Zuwena Chanika

Mwanangu Mmachame, mwambie mama yako asiumie. Yule mzee hakuwadharau, amewaheshimu kupita kiasi. Angetaja bei palepale akawaita wakwe mngefurahi, halafu mwezi ujao angekuja mtu hamumjui akawaambia posa hii siitambui.

Sisi Wazaramo mtoto ukoo wake ni wa mama. Kwa baba anapata mtala, ndio lile jina la upande wa baba, na lina heshima yake kubwa tu. Lakini ukoo, pale anapohesabiwa, ni tumbo alilotoka. Na mkubwa wa lile tumbo ni nani? Ndugu wa kiume wa mama. Baba ni mkwe pale. Amelea, amesomesha, analala na uchungu wa mwanae, ila akiozesha peke yake ni kama mtu kaazimwa jembe halafu yeye ndio analiazimisha kwa mwingine.

Mimi mwenyewe nilipovunja ungo nimewekwa ndani, sio baba aliyekaa kikao cha kunitoa, ni mjomba na bibi mzaa mama. Siku ya kutoka mwali mjomba asipokuwepo ngoma hailii.

#4 Dada wa Ubungo

Mama Zuwena shikamoo, ila hapo kwenye jembe sijakubali. Binti wa watu anafananishwa na jembe la kuazimana? Mbona yeye mwenyewe hajaulizwa, baba anamwachia mjomba, mjomba hayupo, binti yuko chumbani anasikiliza.

#5 Mama Zuwena Chanika

Marahaba mwanangu. Jembe nililosema ni haki ya kusema, sio mtoto. Na binti anaulizwa, tena anaulizwa na huyo huyo mjomba, chumbani, bila baba kusikia. Unadhani kwanini? Mtoto wa kike baba akimwangalia usoni ataitikia tu. Kwa mjomba anasema ukweli.

#6 Bonde la Mgeta

Nimesoma nikacheka maana imenikumbusha kwetu Uluguru. Na sisi ni hivyo hivyo, tena huko inaenda mpaka kwenye udongo. Ukifika Mgeta au Matombo ukauliza hili shamba la nani, mzee hakutajii mtu, anakutajia ukoo. Na ukoo ni wa mama. Mwanaume anapewa sehemu ya kulima lakini akifa lile shamba haliendi kwa watoto wake, linarudi kwa wapwa zake, watoto wa dada yake.

Hata uchifu. Jina la Kingalu halipiti kwa mtoto wa chifu, linapita upande wa mama. Mtoto wa chifu ni mtoto wa watu, ukoo wake uko kwa mama yake.

Nitoe langu. Baba yangu alipanda migomba, akapanda na miti ya matunda kwenye shamba la ukoo wake kwa miaka zaidi ya ishirini, sisi watoto ndio tulikuwa tunamwagilia. Alipofariki hata arobaini haijaisha binamu zangu watoto wa shangazi wakaja kuangalia mipaka. Hawakuja kwa ubaya, walikuja na unga na mafuta kabisa, ila walikuja. Nilikuwa na miaka 17, sikuelewa kabisa, nilimchukia shangazi muda mrefu. Baadaye mjomba wangu akanichukua akanionyesha bonde lingine akaniambia "kwenu ni huku". Nikaelewa kumbe nilikuwa namwagilia shamba la watu miaka yote na langu lilikuwa linaningoja ng'ambo ya mto.

#7 Korosho Ghafi

#6 aisee. Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu.

#8 Mgeni Mwema

Kwahiyo makabila haya wanawake ndio wanatawala? Maana ukoo wa mama, ardhi ya mama, jina la mama.

#9 Mwalimu Mstaafu Temeke

Hapana #8, na hapa watu wengi wanateleza hata waliosoma. Kuhesabu ukoo kwa mama sio utawala wa mama. Angalia vizuri alichoandika Mama Zuwena, anayeshika neno ni nani? Mwanaume. Tofauti ni mwanaume yupi. Kwa Wachaga ni mume wa mama, kwa Wazaramo ni kaka wa mama. Mwanamke ndiye daraja, cheo kinapita kwake, lakini anayekikalia mara nyingi ni kaka yake au mwanae wa kiume.

Sasa, hata hivyo mwanamke ana nafuu yake. Ndoa ikivunjika anarudi kwenye ardhi yake, sio mgeni kwa kaka zake, na watoto anaondoka nao bila kesi. Hiyo sio ndogo.

Kuna visiwa vya Trobriand huko Papua New Guinea, mtafiti wa mila Malinowski alikaa kule kati ya 1915 na 1918. Kule mwanaume analima viazi vikuu, vile vizuri kabisa anavibeba anapeleka kujaza ghala la mume wa dada yake. Yeye na mkewe wanajaziwa na kaka wa mke. Yaani kila mwanaume anamlisha dada yake na wapwa. Baba ni rafiki wa watoto, anacheza nao, mwenye kukaripia ni mjomba. Mmachame angeenda kuposa kule angesubiri mjomba vilevile.

#10 Mmachame wa Kimara

Shikamoo mwalimu, asante sana, na Mama Zuwena nimekupata, nimemsomea mama #3 na #5 akasema "kumbe". Ila bado swali langu liko palepale, KWANINI? Kwanini wengine tukaenda kwa baba na wengine wakaenda kwa mama wakati tunakaa nchi moja, tunaongea lugha zinazofanana?

#11 Baharia wa Feri

Mkuu jibu ni rahisi sana. Mama anajulikana, baba anasemwa. Mtoto katoka tumbo la dada yako, hiyo damu yako haina ubishi. Mtoto wa mkeo, hapo ni kuaminiana. Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha DNA wakaona mali wampe wa uhakika, mtoto wa dada.

#12 Ngosha wa Tandale

Baharia hapo sikubaliani na wewe. Ingekuwa ni uhakika wa damu basi dunia nzima ingekuwa ukoo wa mama, maana hata Usukumani wanaume walikuwa hawana kipimo. Waswahili wenyewe wanasema kitanda hakizai haramu. Maana yake nini? Mtoto akizaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, basi, hamna kuchunguza sura. Ukoo haukuwa unatafuta mbegu ya nani, ulikuwa unatafuta nani kalipa.

Na hapa nieleze vizuri maana watu wanadhani Wasukuma ni ukoo wa baba moja kwa moja. Zamani kulikuwa na ndoa za aina mbili, bukwilima na butende. Bukwilima ni ile ng'ombe zimetolewa, watoto wanahesabiwa kwa baba. Butende ni mmekaa pamoja, mnazaa, ila ng'ombe hazijatoka, hao watoto ni wa upande wa mama, wanarithi kwa babu yao mzaa mama na mjomba ndio anawasimamia. Mtu yule yule, mke yule yule, kitanda kile kile. Ng'ombe zikija baadae watoto wanahama ukoo.

Kwahiyo hata kwetu bila ng'ombe mtoto ni wa mama. Ng'ombe ndio inamhamisha. Babu yangu alikuwa anasema baba yake mdogo mmoja alilipa ng'ombe za mke wake akiwa tayari ana wajukuu, ili tu wajukuu wawe wa kwake.

#13 Korosho Ghafi

#12 umefungua kitu. Mimi Mmakonde, kwetu Newala hakukuwa na ng'ombe, mbung'o walikuwa wanamaliza. Waluguru mlimani hawana ng'ombe wa maana, Wazaramo hawana, Wamwera hawana, Wayao hawana. Chora mstari hapo. Pasipo na ng'ombe mwanaume anaoa na nini? Anaoa kwa nguvu zake, anaenda kulima kwa wakwe, anajenga kule. Hana cha kumhamishia mtoto.

#14 Mwalimu Mstaafu Temeke

Korosho umegusa penyewe, na kuna watu wamelifanyia kazi. Holden na Mace, watafiti Waingereza, mwaka 2003 walichukua jamii nyingi za Kibantu, wakazipanga kwa ukaribu wa lugha zao kama mti wenye matawi, wakaangalia wapi ng'ombe waliingia na wapi ukoo ulibadilika. Wakakuta jamii zilizopata ng'ombe zilielekea kuacha ukoo wa mama na kwenda kwa baba. Kabla yao kuna mtafiti Mmarekani, Aberle, alishasema mwaka 1961 kwamba ng'ombe ni adui wa ukoo wa mama. Sababu ni kwamba ng'ombe ni mali inayozaa na inayolindwa kwa mkuki, na mzee mwenye zizi anataka vijana wake wa kiume wakae pale wailinde.

Ila nisidanganye watu, kuna Waherero kule Namibia, wafugaji wakubwa wa ng'ombe, na wao wana koo mbili kwa pamoja, mtu ana ukoo wa mama na ukoo wa baba, kila mmoja na mali zake. Kwahiyo ng'ombe hajamaliza kila kitu.

#15 Mmachame wa Kimara

Mwalimu na sisi je? Machame ng'ombe ni wawili watatu, wamefungwa ndani wanaletewa majani. Zizi la kulinda kwa mkuki hatuna. Mali yetu ni kihamba, yaani shamba la migomba la familia. Na kihamba ni cha baba kwa mtoto wa kiume, dada zangu hawakupewa hata mgomba mmoja. Mbona Waluguru nao mlimani na migomba na wao wakaenda kwa mama?

#16 Bonde la Mgeta

Swali la #15 nalisubiria jibu na mimi. Milima miwili, maji, ndizi, watu wamebanana, mmoja kaenda kulia mwingine kushoto.

#17 Baharia wa Feri

Biashara ya utumwa hiyo. Wanaume walikuwa wanachukuliwa, misafara inapita kwa Wazaramo, kwa Waluguru, wanabaki wamama na watoto, ukoo ukashikwa na waliobaki.

#18 Mwalimu Mstaafu Temeke

Baharia, misafara mikubwa ni ya karne ya 19. Ukanda wa ukoo wa mama unaanzia huku pwani yetu unapita Msumbiji, Malawi, Zambia, mpaka Kongo na Angola. Kitu kilichoenea hivyo hakikuanza juzi. Utumwa uliumiza koo, ulizivuruga, lakini sioni ukizianzisha.

#19 Ustaadh Gerezani

Assalaam alaykum. Nachangia kidogo. Uislamu umebadilisha haya mambo pwani. Nasaba kwetu ni kwa baba, na mirathi imepangwa, mtoto wa kiume mafungu mawili wa kike moja, mke ana lake, mama ana lake. Mtoto wa dada hayumo kwenye warithi wa kwanza. Ndio maana Mzaramo wa leo Dar akifariki mali inaenda kwa wanae, mjomba anabaki kwenye harusi na misiba. Kile walichokiona kina Mmachame ni mabaki.

#20 Korosho Ghafi

Ustaadh alaykum salaam. Mbona Wayao ni Waislamu tangu mababu na ukoo wa mama haujatoka? Tunduru nina mashemeji kibao, msikitini wa kwanza na mjomba kwao ndio kila kitu.

#21 Mwalimu Mstaafu Temeke

Na Waminangkabau kule Sumatra Magharibi, Indonesia. Waislamu wazuri sana, wametoa wanazuoni, na nyumba na mashamba ya ukoo yanapita kwa mama mpaka leo. Mjomba wanamwita mamak, ndiye msimamizi. Walichofanya ni kugawa, mali ya ukoo inafuata adat yaani mila, mali ambayo mtu kaichuma mwenyewe inafuata sharia.

#22 Ustaadh Gerezani

Hapo mwalimu umenipa kitu cha kwenda kusoma, allah akuzidishie. Ila nabaki kusema kwa Wazaramo dini imepunguza, hilo nimeliona kwa macho kwenye familia nilizozigawia mirathi.

#23 Mama Zuwena Chanika

Ustaadh imepunguza kweli. Ila "mabaki" sijapenda. Mtoto akiumwa usiku wa kwanza kupigiwa simu ni nani? Mjomba.

#24 Senene Mbichi

Wakuu mnasahau sheria. Mimi Mhaya na nimeshinda mahakamani kesi ya kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, kwa hiyo nimejifunza kwa maumivu. Mwaka 1963 serikali iliandika sheria za mila, ikazikusanya kuwa tamko moja, lakini lile tamko liliandikwa kwa makabila ya ukoo wa baba. Humo warithi wamewekwa madaraja matatu, daraja la kwanza mtoto wa kiume mkubwa, la pili wa kiume wengine, la tatu mabinti. Mambo ya mjomba wa Uluguru hayakuandikwa vile. Kwahiyo hakimu akifungua kitabu anakuta mila ya baba, na ile ya mama inabidi mtu aje aithibitishe kwa mashahidi. Hiyo peke yake imesukuma watu.

Halafu mwaka 1990, Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani, akadai mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume kuuza. Ile hukumu mama yangu alikuwa anaikariri kama sala.

Mimi kesi yangu ilikuwa baba wadogo. Baba alipofariki walikaa kikao cha ukoo siku ya tatu, wakasema kibanja kinabaki kwa "watoto wa ukoo", mimi na dada zangu tukaambiwa tumeolewa tuna kwetu. Niliyemuuguza baba miezi minane ni mimi. Mjomba wangu ndiye aliyenipa nauli ya kwenda kusikiliza kesi kila mwezi. Kisheria hana kitu kwetu yule mzee, sio wa ukoo wetu, muziro wake, yaani mwiko wa ukoo, mwingine kabisa. Alikuja tu kukaa benchi la nyuma nimwone.

#25 Dada wa Ubungo

Senene pole na hongera. Sasa nimeelewa kitu. Kwa Bonde la Mgeta anayekuja kupima mipaka ni mtoto wa shangazi, kwa Senene ni baba mdogo. Anayekuja na nauli kwa wote wawili ni mjomba. Kwanini?

#26 Mwalimu Mstaafu Temeke

Dada swali hilo limewasumbua wakubwa. Radcliffe-Brown, mtafiti Mwingereza, aliliandikia mwaka 1924. Kabla yake mmisionari mmoja, Junod, alikuwa kakaa na Watsonga kusini mwa Afrika, ukoo wa baba hao, na akashangaa mpwa anaingia kwa mjomba anachukua chakula bila kuomba na mjomba anacheka. Junod akasema haya ni mabaki ya zamani walipokuwa ukoo wa mama. Radcliffe-Brown akapinga, akasema sio mabaki, ni kwamba mtoto anamhesabu mjomba kama mama wa kiume. Pale ambapo baba ndiye mwenye amri na fimbo, huruma inahamia kwa mama na ndugu zake. Pale ambapo amri iko kwa mjomba, baba ndio anakuwa mpole.

Yaani mwenye urithi ndiye mkali. Asiye na urithi anakupenda bure.

#27 Ngosha wa Tandale

Mwalimu nakuheshimu lakini hiyo ya huruma naona nusu. Mbona kwetu kuna hesabu? Dada yangu akiolewa zikaja ng'ombe kumi na tano, zile ng'ombe mimi kaka yake ndio nazitumia kuoa. Mke wangu amekuja kwa miguu ya dada yangu. Nitamnyima nini mtoto wake? Mpwa akija kwangu akachinja kuku bila kuuliza anakula haki ya mama yake. Hayo sio mapenzi tu, ni deni.

#28 Bonde la Mgeta

Ngosha na pale pasipo na ng'ombe? Mjomba wangu hakuoa kwa mahari ya mama yangu. Na mjomba wa Kiluguru ni mkali, mwalimu kasema sawa, baba yangu hajawahi kunipiga hata siku moja, mjomba kanicharaza hadi nikakimbilia kwa baba.

#29 Mura wa Tarime

Naona kila mtu anasema damu damu. Njooni Tarime. Kwetu ukoo wa baba, ng'ombe tele, na mwanamke anaoa mwanamke. Nyumba ntobhu. Mama mjane au tasa au hana mtoto wa kiume, ana ng'ombe zake, anatoa mahari anaoa binti, yule binti anazaa na mwanaume, watoto ni wa ile nyumba ya mama aliyetoa ng'ombe. Mwanaume aliyezalisha hana chake pale.

#30 Mgeni Mwema

#29 kwahiyo hao wanalala pamoja au?

#31 Mura wa Tarime

Hapana, na kila nikisimulia hii lazima mtu aulize hivyo. Ni mambo ya nyumba na urithi, mama anahitaji jina la nyumba yake lisife na apate mtu wa kumtunza. Bibi yangu mzaa baba aliolewa hivyo, kwahiyo mimi ukoo ninaotembea nao ni wa mama aliyemuoa bibi. Baharia na DNA yako ungenipima ungenitoa nje ya familia yangu yote. Na Wanuer wa Sudan Kusini wanayo hiyo, na wana nyingine ya mtu kafa hajaoa, ndugu yake anamuolea mke, watoto wanaitwa wa marehemu.

#32 Baharia wa Feri

Mura nimekubali, la DNA nalitoa. Natoa kwa heshima kabisa.

#33 Kyela Mpunga

Mimi Mnyakyusa, naongeza la tofauti. Mnaongea kama kila kijiji cha zamani kilijengwa na ukoo. Kwetu hapana. Babu zetu vijana wa rika moja wakifika kama miaka kumi walihama kwa wazazi wakajenga kijiji chao, wanakua pale, wanaoa pale, wanazeeka pale. Jirani yako ni rika lako sio kaka yako. Mtafiti Monica Wilson alikuja kwetu miaka ya 1930 akaandika sana juu ya hili. Ng'ombe na urithi vinafuata ukoo wa baba, lakini kula, kulima, kupigana, kuzikana ni rika. Wamasai nao rika lina nguvu kubwa. Kwahiyo undugu sio peke yake uliopanga watu.

#34 Ngosha wa Tandale

Na utani! Mzaramo akifiwa mimi Mnyamwezi Msukuma naingia msibani nalala kwenye jeneza nadai nilipwe ndio mzike, na hakuna anayekasirika. Wengine wanasema ulianzia misafara, wapagazi wetu walipita Uzaramo kwenda Bagamoyo, wakifa njiani mtani anazika. Wangoni na Wahehe wao wanasema ni vita, walipigana miaka ya 1870 na 1880 wakachoka wakaamua kutaniana.

#35 Kyela Mpunga

Ndani ya ukoo pia, babu na mjukuu wanataniana, mabinamu wanataniana. Binamu nyama ya hamu si mnaijua.

#36 Dada wa Ubungo

Nilijua tu uzi utafika kwenye nyama ya hamu 😂

#37 Senene Mbichi

Kwetu ukitamka hiyo unaitiwa kikao. Muziro mmoja hamuoani hata mkikutana mara ya kwanza Ulaya.

#38 Korosho Ghafi

Na kwetu mtoto wa mjomba ndio ilikuwa chaguo la kwanza la wazee, mali inabaki mule mule na mkwe unamjua tangu mdogo. Kyela kasema rika, Mura kasema nyumba, Ngosha deni, mwalimu huruma na ng'ombe. Mimi nabaki na mbung'o wangu.

#39 Bonde la Mgeta

Na mimi nabaki na swali la #15, milima miwili. Hamna aliyejibu.

#40 Mgeni Mwema

Ghana nimeishi, Waakan ni ukoo wa mama, mjomba wanamwita wofa. Mume akifa ndugu wa upande wa mama yake walikuwa wanakuja kuchukua nyumba mke na watoto wanatoka nje. Mpaka 1985 serikali yao ikatunga sheria ya mirathi, mke na watoto wapate sehemu yao kwanza. Niliishi kwa mama mmoja wa Kumasi ambaye yeye aliwahiwa kabla ya sheria, alitoka na masufuria tu.

#41 Dada wa Ubungo

Senene alifukuzwa na ukoo wa baba, mama wa Kumasi na ukoo wa mama. Nimeandika hii nikafuta nikaandika tena.

#42 Mmachame wa Kimara

Wakuu narudi na mrejesho. Jana jioni mjomba amefika Kimara kwetu. Mwenyewe, hatukumwita. Kapanda daladala tatu, kaja na mfuko wa mihogo na nazi nne. Kamwambia mama "niliwaweka, nimekuja kuomba radhi kabla sijataja chochote". Mama alilia.

Hakutaja mahari. Kaomba aonane na mdogo wangu peke yake nje, wamekaa kama saa zima kwenye mawe ya msingi wa jirani. Tulivyomuuliza dogo kaulizwa nini amegoma kusema, kasema tu mjomba kamuuliza swali moja na akamwambia asijibu leo, ajibu Jumapili Maneromango.

Halafu wakati wa kuondoka kaniuliza mimi, "na nyie mjomba wenu yuko wapi, mbona siku ile sikuambiwa kama alikuja?" Nikakosa jibu. Mjomba wetu yuko Sanya Juu, hatukumwambia hata kama tunaposa. Nimempigia usiku huu. Amenyamaza muda mrefu kwenye simu halafu akauliza basi la asubuhi kutoka Moshi linaondoka saa ngapi.

#43 Mama Zuwena Chanika

Mwanangu huyo wa Sanya Juu akifika mleteni Chanika kwanza alale kwangu, kutoka hapa kwenda Maneromango ni karibu. Nitapika.

#44 Ngosha wa Tandale

Na mimi nakuja. Mtani halipi nauli, mtanilipia.